Kibubu

Fundi Mwinshehe, kibanda cha saa, Gerezani,
aliifukua chini ya redio tatu zilizokufa:
Zenit, nzito kama jiwe la mizani,
ngozi imebanduka, mkanda umeliwa na panya.
"Hii haili betri," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeozesha mpwa wake.
Nililipa bila kubembeleza bei.
Nilikwisha tia jicho dirishani,
nikazungusha pete ya lenzi,
na mtaa mzima ukayeyuka, ukaganda, ukayeyuka tena
kama samli.

Juu ya pete kuna nukta nyekundu,
rangi ya kucha, imetiwa na mtu
pasipo na namba, kati ya mita moja na mbili.
Mwenye studio labda, aliyechoka kupima,
akaamua nyuso zote za pasipoti zikae hapo.
Nikaipuuza. Nina macho yangu.

Miezi miwili nilipiga bila filamu.
Wenye simu wanisamehe, raha ilinitosha:
kidole kinavuta, meno ya chuma yananong'ona,
kioo kinaruka. Kacha!
Nilipiga kunguru kwenye nyaya za Magomeni,
nilipiga bosi wangu akisinzia juu ya faili,
nilipiga mvua ya vuli ikiparamia mabati,
na hakuna hata moja iliyopo duniani.

Kisha Eliufoo akarudi Nairobi na roli moja,
nyeusi na nyeupe, muda umepita miaka minne.
Picha thelathini na sita.
Nikawa bahili. Nikawa mtu wa kuinua na kushusha.

Bi Sikudhani wa vitumbua, pale Mapipa, ndiye aliyenikamata.
"We mtoto, unanilenga tangu kitumbua cha kwanza.
Hiki cha sita hiki. Piga!"
Nikazungusha. Pua yake ikaja, ikapita.
Nikairudisha. Moshi ukaingia kati.
Akanichoka, akageukia kikaango chake,
kacha.
"Haya, nionyeshe."
Nikageuza kamera: mgongo mweusi, ngozi tupu.
"Bado, bibi. Mpaka zitimie zote."
"Lini?"
"Mwezi ujao. Labda."
Akanitazama kama mgonjwa.
"Basi hiyo si kamera, mwanangu. Ni kibubu."

Siku ya kuvunja kibubu maji yalikatika.
Hata yakitoka, bomba letu hutoa chai,
na dawa inataka nyuzi ishirini.
Nikanunua kwa Zamda, binti wa jirani,
barafu kumi na mbili za ukwaju, ndizo zilizobaki,
nikazipanga kwenye karai, chupa katikati.
Taa nimezima, taulo chini ya mlango,
jasho linadondoka puani, vidole vinapapasa filamu
kama anayetafuta ufunguo katika koti la mtu mwingine.

Kumi na moja hazina kitu. Tano zimepandana.
Moja ni goti langu.
Na ya ishirini na mbili, Bi Sikudhani:
uso ukungu mtupu,
lakini mkono! Kijiti, mshipa, unga uliokauka kwenye kucha,
kitumbua kikipinduka, nusu mchana nusu usiku,
kila tone la mafuta limesimama peke yake.

Kabla ya kwenda kwake nilirudi nilipokuwa nimesimama,
nikampima kwa hatua mpaka usoni:
pale pale, penye rangi ya kucha.

Nilimpa nakala nikianza kuomba radhi.
Akajifuta kwa kanga, akaishika kwa ncha.
"Uso umenikosa. Afadhali, uso wangu naujua."
Akaisogeza mbali, akaileta karibu,
mbali tena, karibu kidogo,
akakunja jicho moja,
akatulia.
"Kumbe ndivyo unavyofanya," akasema,
akiuambia mkono, si mimi.
Kikaangoni kitu kilianza kuungua,
na foleni nzima ikamwita jina lake.